Guru Nayo Ni Sukari

Nayaandika haya nikiwa na vidole tisa vya miguu. Cha kumi, kidole gumba cha mguu wa kushoto, kilikatwa hospitalini wakati wa mvua, na mpaka leo sijui walikitupa wapi. Watu wema waliniambia nisubiri hasira inipungue ndipo niandike, kwa kuwa mwenye hasira huandika vibaya. Nimesubiri. Mvua zimekwenda na kurudi, hasira iko palepale. Basi nitaandika nayo hivyohivyo, kwa ajili yako wewe uliyekaa leo asubuhi kwenye benchi la kliniki na kadi mpya mkononi, umeambiwa una kisukari, na jirani yako amekwisha kukunong'oneza kwamba ipo sukari isiyodhuru.

Jina langu ni Florence. Baba yangu alikuwa askari polisi kutoka kaskazini, nami nimekulia Kampala, kambini, ambako Kiswahili ndicho tulichotukaniwa na ndicho tulichobembelezewa. Nimeolewa na Rajabu, Mnubi, dereva wa lori la barabara ya Juba. Mimi Mkatoliki, yeye Mwislamu. Nyumbani kwetu Bwaise tunakula Krismasi na tunakula Idi, na kwa miaka yote ya ndoa hatujawahi kugombana juu ya Mungu. Tulikuja kugombana juu ya sukari.

Ilianza na kiu. Kazi yangu ilikuwa ulinzi: nilisimama mlangoni pa jengo la maduka mjini, nikikagua mikoba ya wanawake. Nikawa naficha chupa ya maji nyuma ya mlango, naimaliza, namtuma mtu anijazie, naimaliza tena. Na maji yakiingia lazima yatoke. Niliacha lindo langu mara nyingi mpaka msimamizi akaniuliza kama nimeanzisha biashara chooni. Nyumbani, binti yetu Aisha, aliyekuwa anamaliza sekondari, ndiye aliyegundua sisimizi. Walipanga mstari kutoka ukutani hadi kwenye ndoo niliyojisaidia nayo usiku.

"Mama," akasema, "hawa wanafuata nini kwenye mkojo?"

Nikaenda kliniki ya serikali. Kama hujawahi kukaa pale, jua kwamba benchi lile halina pa kuegemea, na kwamba unasogea. Mgonjwa wa mwisho kulia akiingia ndani, wote mnasogeza makalio, na mbao zimeng'aa kwa kusuguliwa na watu wenye hofu. Nilisogea tangu asubuhi hadi jua lilipopita kichwani. Ndani, muuguzi, Sista Nakato, alinichoma kidole, akatazama kimashine, akaandika.

"Mama, sukaali yako iko juu sana. Hii dawa unakunywa asubuhi na jioni. Sukaali wacha. Umesikia? Kale, haya. Mwingine!"

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote. "Sukaali wacha." Sikumchukia Sista Nakato siku ile, na hata leo simchukii, maana nje kulikuwa na watu waliojaa mpaka kwenye ngazi. Lakini nimewakasirikia waliompa mtu mmoja kazi ya watu kumi. Angepata muda wa kuvuta pumzi moja zaidi angeniuliza: unajua sukari ni nini? Nami ningemjibu vile ambavyo ungejibu wewe. Sukari ni ile nyeupe iliyo kwenye kopo.

Siku iliyofuata akaja wifi yangu, Zainabu, dada yake Rajabu. Nataka umwone vizuri kabla hujamhukumu. Zainabu ndiye aliyenipokea nilipoletwa katika ukoo ule wakati wengine walikuwa wakinong'ona kwamba Rajabu ameleta kafiri. Ndiye aliyenishika mkono nikimzaa Aisha. Siku ile alikuja anahema, amebeba mfuko mzito, akaupanga mezani kama bibi harusi anayepanga vyombo: asali, sukari ya kahawia, na mabonge ya sukari guru yaliyokatwa vizuri, yamefungwa ndani ya karatasi inayong'aa. Kwenye karatasi pameandikwa: *Tamu bila madhara.*

"Wifi, usilie," alisema. "Adui ni ile nyeupe. Wanaiosha kwa dawa kiwandani mpaka inakufa. Hii haijaguswa. Hii ni miwa yenyewe tu, imepikwa ikaganda. Inaongeza damu, ina madini. Mwalimu anasema mwenye sukari ndiye hasa anayefaa kuitumia."

Mwalimu alikuwa mtu wa Kansanga, kwenye barabara ya Ggaba, mwenye duka la vyakula vya asili. Zainabu alikuwa anamuuzia bidhaa zake upande wetu wa mji. Rajabu alikuwa nyumbani siku hiyo. Akachukua bonge la guru, akalitafuna, akacheka.

"Marehemu baba alikula hii maisha yake yote, akafa mzee. Sikiliza dada yangu, Mama Aisha. Anakupenda."

Hilo la kupendwa lilikuwa kweli. Ndilo linaloniuma.

Jumamosi moja Zainabu alinipeleka Kansanga. Viti vya plastiki vilijaa mpaka barazani. Mwalimu alivaa koti jeupe kama la daktari, na sauti yake ilikuwa ya upole, si ya kelele kama nilivyotarajia. Alishika sukari nyeupe kwenye kiganja kimoja, guru kwenye kingine.

"Hii ni maiti," alisema, akainua nyeupe. "Imeoshwa, imekaushwa, imezikwa kwenye pakiti. Na mnakula maiti, ndugu zangu, halafu mnashangaa mwili unaoza." Akainua guru. "Hii bado inapumua."

Mwanamke mmoja akauliza, "Na mwenye ugonjwa wa sukari?"

"Nyabo, mama yangu, huyo ndiye niliyemtengenezea," akajibu, akimtazama kama baba. "Na vidonge? Taratibu. Mwili ukipona wenyewe utavikataa."

Tulipiga makofi, mimi nikiwa mmoja wao. Nani asiyepiga makofi akiambiwa anaweza kupona bila kuacha chai?

Nilimwaga sukari nyeupe yote iliyokuwa nyumbani. Chai yangu ikawa na rangi ya maji ya mtaro baada ya mvua, na harufu kidogo ya moshi, na chini ya kikombe vinabaki vijichembe vya miwa. Nilikunywa bila woga. Zamani nilijizuia, kijiko kimoja, kimoja na nusu. Sasa nilitia bonge zima na nyongeza, kwa sababu hii ilikuwa dawa, na nani anabania dawa? Uji niliutia asali. Haboba, mama mkwe wangu, ndivyo wajukuu wanavyomwita kwa Kinubi, alikuwa anaishi chumba cha nyuma, naye akahamia guru pamoja nami, akaisifu kwamba imemrudishia ladha ya utoto wake. Vidonge vya kliniki vilinichafua tumbo, nami nilikumbuka maneno ya Mwalimu, nikaona labda ndiyo mwili umeanza kuvikataa. Nikaviacha.

Kisha nikaanza kukonda, na Kampala nzima ikanisifu. Mkanda wa sare ulitobolewa matundu mapya. Wanawake niliokagua mikoba yao waliniuliza siri. Jirani yangu akasema, "Bambi, jamani Mama Aisha, umekuwa msichana!" Hakuna aliyeona kwamba nilikuwa naisha. Macho yalianza kuona ukungu jioni. Miguu ikawa ya ajabu: niliitazama ikiwa mitupu sakafuni, lakini nilihisi kama nimevaa soksi nene. Nikamwambia Zainabu. Akampigia simu Mwalimu palepale, akaweka sauti ya nje ili nisikie mwenyewe.

"Mwambie asiogope," sauti ya upole ikasema. "Sumu inatoka."

Sumu inatoka. Nimeyabeba maneno hayo mawili mpaka leo. Nikikata vitunguu nayasikia. Mtu ambaye hajaniona, hajanipima, anakaa kwenye kiti chake Kansanga, mimi miguu yangu inakufa, na ana jawabu tayari.

Mvua za pili za mwaka zilipofika, Bwaise ilifanya inavyofanya kila mara. Mtaro ulifurika, maji yakaingia ndani, nasi tukainua magodoro juu ya meza na kuanza kuchota. Nilikuwa peku. Ndani ya maji yale kulikuwa na kipande cha bati. Sikukihisi. Nilitembea nacho, nikachota maji, nikampeleka Haboba kwa jirani, nikarudi. Ni Aisha aliyepiga kelele alipoona nyayo zangu kwenye saruji, moja ya maji, moja ya damu.

Kidole gumba kilikuwa kimepasuka mpaka chini. Nilikitazama kama kidole cha mtu mwingine. Maumivu hayakuwepo kabisa, na mimi, mjinga wa kufundishwa, nikamshukuru Mungu kwa hilo.

Zainabu alikuja kunifunga kidonda kwa asali. Kila siku alikuja, akaosha, akapaka, akafunga kitambaa safi. Mimi nikavaa buti za kazi juu yake na kwenda kusimama mlangoni. Baada ya muda buti ikaanza kunuka. Wanawake waliokuwa wakinifungulia mikoba walirudi nyuma nusu hatua, na wale wenye adabu walijifanya wanatafuta simu. Siku niliyoanguka, nilianguka mbele ya mwanamke aliyebeba mtoto. Nakumbuka alipiga yowe akidhani nataka kumnyang'anya mkoba.

Hospitalini kimashine kilikataa kutoa namba. Kiliandika herufi tu, maana yake sukari imepita pale kinapoweza kuhesabu. Daktari alikuwa binti mdogo mwenye macho ya mtu ambaye hajalala.

"Mama, unatumia sukari?"

"Hapana, Daktari. Niliacha kabisa. Natumia guru tu, na asali."

Aliweka kalamu chini. Wala hakunikaripia, na nadhani angenikaripia ningeumia kidogo zaidi, au kidogo pungufu, sijui.

"Guru nayo ni sukari, mama. Asali ni sukari. Ile ya kahawia ni sukari. Zikifika kwenye damu zote ni mtu na ndugu yake. Mwili hauulizi rangi."

"Lakini Mwalimu alisema..."

"Mwalimu wa shule gani?"

Nilimkagua kila mwanamke aliyeingia katika jengo lile, nikafungua mikoba yao na vifuko vya ndani ya mikoba yao. Mtu aliyeingia na kuchukua mwili wangu sikumuuliza hata shule yake.

Kidole kilikatwa. Wodini nilichomwa sindano za insulini asubuhi na jioni, na kila asubuhi walikuja kufungua bendeji. Ganzi ile ya miguu haikufika ndani kabisa ya nyama, kwa hiyo walipoanza kusafisha ndani zaidi, niliumia. Kitanda cha pili alilala bibi mmoja wa Kiganda aliyekatwa mguu chini ya goti. Hatukuwa na lugha moja ya kutosha, mimi Luganda changu cha sokoni, yeye Kiswahili chake alichokijua kwa kuwaogopa askari. Lakini kila walipokuja na kigari cha bendeji, alinyoosha mkono wake kati ya vitanda vyetu na kusema, "Kamata." Nilikamata. Mkono wake ulikuwa na harufu ya mafuta ya kujipaka, na sikuuachia mpaka wamalize. Ilipokuja zamu yake, niliunyoosha wangu.

Rajabu alifika kutoka Juba akiwa na vumbi la njia. Zainabu alikuwa amekaa kitandani kwangu. Alikuwa ameniletea chupa ya juisi ya miwa, iliyokamuliwa asubuhi hiyo, ya kunirudishia nguvu. Nikaichukua chupa ile nikaitupa ukutani. Juisi ikatiririka mpaka chini ya kitanda cha bibi.

"Toka," nilimwambia. "Toka kabla sijakutukana mbele ya wagonjwa."

"Wifi, mimi nilikuwa nakusaidia..."

"Toka!"

Akatoka analia. Rajabu akabaki amesimama na kofia yake mkononi.

"Zainabu ndiye aliyekuhangaikia mimi nikiwa njiani," alisema taratibu. "Usimvunjie heshima mbele za watu, Mama Aisha."

"Mimi nimekatwa kiungo, wewe unanizungumzia heshima."

"Hakukusudia."

"Nani amesema alikusudia? Angekusudia ningejua la kumfanya!"

Akaenda kukaa nje. Aliporudi kunipeleka nyumbani, tulirudi na ugomvi wetu. Kampuni ya ulinzi ilinitumia ujumbe nipumzike mpaka nipone, na katika wiki hiyohiyo ikamweka mwingine mlangoni kwangu. Kama unaugua sasa, nakuambia mapema: watu hawatakuacha wote siku moja. Wataondoka mmojammoja kama kwenye lile benchi, kila mmoja na sababu nzuri.

Lakini wapo wanaobaki. Aisha alijifunza kunichoma sindano kwa kulichoma chungwa kwanza, mpaka chungwa likawa linavuja. Fundi viatu wa karibu na stendi alikata godoro kuukuu akalitia ndani ya ndala zangu pale palipokuwa na kidole, ili nisiyumbe. Hakuniuliza kilienda wapi. Nikajifunza kunywa chai kavu, bila sukari yoyote, yenye tangawizi. Mwanzoni ilikuwa kama kunywa maji ya kuoshea sufuria. Baada ya majuma kadhaa ulimi ulinyamaza.

Wakati huo nikawa nashinda nyumbani, na mtu anayeshinda nyumbani huona mambo. Nilimwona Haboba anakunywa chai ya guru kikombe juu ya kikombe. Nilimsikia anaamka kwenda uani, anarudi, anaamka tena. Gauni lake lilianza kumpwaya mabegani. Jirani alipita akasema, "Haboba, umependeza!" Hivyohivyo walinisifu mimi.

Nikamwambia Rajabu mama yake apimwe. Akasema atamuuliza Zainabu. Zainabu, ambaye alikuwa hajakanyaga kwangu tangu hospitalini, akatuma jawabu kwa kaka yake: Florence asilete magonjwa yake kwa mama yetu. Rajabu aliniambia maneno hayo akitazama chini.

"Na wewe unasemaje?" nikamuuliza.

"Yule ni mama yetu sote. Tusubiri kwanza."

Tusubiri. Nilienda chumba cha nyuma peke yangu. Haboba alikuwa kitandani, kikombe mkononi.

"Haboba, twende kliniki."

"Mwanangu Florensi, mimi mzee. Meno yameondoka, macho yameondoka. Niachie utamu wangu."

Nilikaa sakafuni mbele yake, nikafungua bendeji. Kidonda kilikuwa kimeanza kufunga lakini bado kilikuwa kibaya, shimo lenye midomo myekundu pale ambapo mguu wa binadamu unapaswa kuanza. Nikauinua mguu, nikauweka kwenye mkeka kando ya miguu yake.

"Huu nao ni utamu wako, Haboba. Ni ileile. Tulikunywa pamoja."

Alinitazama, akautazama mguu, akanyoosha kidole chake kikavu akagusa pembeni ya kidonda, taratibu, kama mtu anayepima joto la uji wa mtoto. Kisha akaweka kikombe chini.

"Nipe mtandio wangu," akasema.

Tulikwenda na Aisha kwa bodaboda mbili, bila kumwambia mtu. Tulikaa kwenye benchi, tukasogea, tukasogea. Tulikuwa karibu na mlango Zainabu alipotokea, amefunga kitambaa kichwani vibayavibaya, amekimbia. Jirani alikuwa amempigia simu. Alisimama juu yetu.

"Mama, nyanyuka. Unataka wakukate na wewe?"

"Kaa chini, Zainabu," Haboba akasema.

"Mama..."

"Nimesema kaa."

Akakaa. Haboba alipopimwa, sukari yake ilikuwa juu, si kama yangu ya kutopimika, lakini juu sana. Sista Nakato akaanza, "Sukaali wacha..." nami nikamkatiza. Sikuwa na adabu na siombi radhi.

"Sista, mwambie sukari ipi. Taja moja moja. Usimwite mwingine kabla hujamaliza."

Aliutazama mguu wangu. Akavuta kiti. Akataja: nyeupe, ya kahawia, guru, asali, juisi ya miwa, soda. Akarudia kwa Luganda, kwa sababu mlango ulikuwa wazi na watu wa benchi walikuwa wameanza kusogeza vichwa. Nakumbuka mzee mmoja alisema kwa sauti, "Hata asali?" na mwenzake akamjibu, "Nyamaza tusikie."

Kisha Zainabu, ambaye alikuwa ameegemea ukuta, akanyoosha kidole chake. "Na mimi nipime," akasema. "Mimi nimekula guru kuliko wote hawa. Kila siku."

Sista akampima. Sukari yake ilikuwa sawa kabisa. Kama ya msichana.

Nilimtazama, na nitasema ukweli, nilitaka iwe juu. Nilitaka namba ya kutisha. Badala yake alikuwa mzima, na uzima wake ndio uliomfanya aamini. Alikula guru akalala usingizi mzuri, akaona basi ni njema kwa kila mtu, akaja mbio kunigawia. Zainabu alikunja kidole kile kwenye kiganja, akaanza kulia kilio kibaya cha sauti, kilio cha msibani, mpaka Aisha akamtoa nje.

Nikamkuta kwenye ngazi.

"Kwa nini wewe, si mimi?" aliniuliza. "Tumekula ileile."

"Unaniuliza mimi? Kamuulize Mwalimu wako."

Akajipangusa kwa ncha ya kitambaa. "Twende basi," akasema. "Jumamosi. Wewe na mimi."

Kwa hiyo nilirudi Kansanga. Viti vilevile, koti lilelile, viganja viwili vilevile. Maiti na inayopumua. Yule mwanamke wa kuuliza juu ya kisukari aliuliza tena, na ndipo nilipotambua kwamba ni yuleyule, na kwamba analipwa. Nikasimama. Nilikuwa nimepanga hotuba ndefu, nimeirudia nikifua nguo. Yote ilipotea. Nilivua ndala, nikapandisha mguu juu ya kiti cha mbele.

"Mimi nilikula inayopumua," nilisema. "Nikaacha vidonge. Ukaambiwa kwa simu miguu yangu inakufa ganzi, ukasema sumu inatoka. Huu ndio mguu. Niambie, Mwalimu, sumu imeshatoka yote?"

Mwalimu hakubadilika hata kidogo. Alinitazama kwa huruma ile ile ya baba.

"Pole sana, nyabo," akasema. "Ndugu zangu, hii ndiyo hatari ya kutofuata masharti. Watu wanachanganya. Huku guru, huku wanaiba nyeupe kidogo. Halafu wanalaumu asili."

Na nikawaona watu wanatikisa vichwa. Wananionea huruma, mwanamke asiye na nidhamu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikupata hata tusi.

"Alifuata."

Zainabu alikuwa amesimama nyuma, karibu na meza ya bidhaa ambako huwa anapokea mzigo wake. Wateja wengi waliokaa pale walimjua.

"Alifuata masharti yote. Mimi ndiye niliyempa kwa mkono wangu, mimi ndiye niliyemfunga kidonda kwa asali yako. Nilikupigia simu mwenyewe. Unaijua sauti yangu, Mwalimu. Na guru hii si yako, ni ileile ya soko la Kalerwe wanayonunua wapika pombe ya waragi. Nimeibeba magunia. Tunaivunjavunja tu na kuitia kwenye karatasi."

Mwalimu akamwashiria kijana wa spika. Muziki ukafunguliwa kwa sauti ya juu, na mazungumzo yakaishia hapo. Ningependa kukuambia kwamba watu waliinuka wote wakatoka. Waliinuka wachache. Wengine walikaa, na wakati tunapita mlangoni nilimwona mama mmoja mnene, mwenye miguu iliyovimba, anapokea mfuko wake na kuuangalia kama zawadi. Duka lile bado liko wazi. Nimeandika, nimepeleka malalamiko, nimeambiwa nisubiri.

Haboba anakunywa vidonge vyake na analalamika kila asubuhi kwamba chai kavu ni adhabu ya wafungwa. Anakunywa. Rajabu hajawahi kuniomba radhi kwa mdomo. Anapika ugali wa mtama akiwa nyumbani na kunikagua miguu kabla sijalala, kidole kwa kidole, kwa tochi ya simu. Nimeipokea hivyo. Sindano zangu zimebaki, macho yamerudi kwa kiasi, na miguu haijapata kuhisi baridi ya sakafu tena. Wewe wa benchi, usiache vidonge kwa neno la mtu asiyekupima. Na ukiambiwa acha sukari, usitoke chumbani kabla hujauliza ni ipi, hata wakikufokea.

Siku ile ya Kansanga, tulipotoka, mvua ilikuwa imetoka kunyesha na barabara ilikuwa na tope. Zainabu alitembea kando yangu mpaka tukafika kwenye mtaro ulio wazi, mpana kidogo kwa mtu asiye na kidole gumba. Sikujua zamani kwamba kidole gumba ndicho kinachokusukuma kuvuka.

"Wifi," akasema. "Bado una hasira na mimi?"

"Ndiyo."

"Mpaka lini?"

"Sijui, Zainabu. Usiniulize."

Akavuka yeye kwanza. Akageuka, akaukita mguu wake vizuri kwenye tope, akanyoosha mkono. Niliutazama mkono ule ulionipa yote yale. Kisha nikaukamata kwa nguvu, nikamwachia uzito wangu wote, nikavuka.